Kiti cha Kugeuka

“Hiyo ni futi ya kupimia mbao,” alisema mshonaji. “Mtu hapimwi kwa chuma. Chukua hii.”

Alijivua shingoni tepu yake ya kitambaa, ile aliyoivaa kutwa nzima kama wengine wavaavyo mkufu, akampa fundi wa viti vya magari aliyekuwa amechuchumaa mbele ya kiti chake cha magurudumu. Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Sponji, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila vipunje vya sponji kwenye nywele au kwenye mikono ya sweta lake. Aliipokea tepu kwa mikono miwili kama anayekabidhiwa amana. Alipima kutoka nyonga hadi goti, kutoka goti hadi kisigino, kisha kutoka kikalio cha kiti cha magurudumu hadi sakafuni. Kila kipimo alikiandika kwa kalamu ya wino kwenye kiganja.

“Shemeji, una miguu mirefu,” alisema.

“Ilikuwa mirefu zaidi nilipokuwa naitumia.”

Sponji hakucheka. Aliyecheka ni wifi, dada mkubwa wa mume, aliyekuwa amekaa mlangoni akikunja nguo. Alicheka mpaka shati likamtoka mikononi, kisha akageuka na kumweleza mshonaji polepole, kwa sauti ya juu, kama anayesema na mtu aliye ng’ambo ya pili ya barabara: “Wifi! Huyu anapima kiti cha gari! Cha gari, umeelewa?”

“Nimeelewa, wifi. Niko hapa.”

Ilikuwa miezi minane tangu basi dogo alilopanda lilipopinduka. Tangu atoke hospitali alikuwa ametoka nyumbani mara nne tu, zote kwenda kliniki, na kila mara alibebwa. Mumewe alimpitishia mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akahema, akamwingiza garini kichwa kikiwa kimeinama kama mzigo usiotoshea. Mara ya mwisho sketi yake ilinasa kwenye kitasa cha mlango ikapanda yote, na vijana waliokuwa kibarazani kwa kinyozi waligeuza nyuso wakiwa wameshaona. Siku ile aliporudi ndani alisema hatoki tena, na kweli hakutoka.

Ndipo mumewe akamleta Sponji.

“Kitasogea mbele kwanza, kwenye reli zake,” Sponji alieleza, akionyesha kwa viganja vyake vilivyojaa namba. “Halafu kitageuka mpaka magoti yako yaangalie nje ya mlango. Halafu kitashuka, kiwe sawasawa na hiki chako cha magurudumu. Unaweka ubao katikati, unajiteleza. Kwisha. Hakuna wa kukubeba.”

“Hakuna kabisa?”

“Labda utake mwenyewe.”

Jioni mumewe aliporudi kutoka kazini alimkuta akitabasamu peke yake kwenye cherehani. Mume alikuwa mtunza stoo, mtu wa taratibu, ambaye hata nyumbani aliandika lebo kwenye makopo: chumvi, majani, sukari. Tangu ajali yeye ndiye aliyemwosha mkewe, aliyemgeuza kitandani kila baada ya saa chache asipate vidonda, aliyemkata kucha. Majirani walimsifu mpaka wakachoka.

“Atataka tumlipe nini yule fundi?” mshonaji aliuliza.

“Hataki kitu. Anafanya kwa utu tu.” Mume alivua viatu, akavipanga ukutani. “Watu wa namna hiyo bado wapo, mke wangu.”

*

Sponji alikileta kiti baada ya wiki mbili, kwenye mkokoteni, kimefunikwa gunia. Wifi alikuwa amekwenda dukani na mume yuko kazini. Fundi alikitoa kiti cha zamani kwenye lile gari dogo lililoegeshwa uani, akakifunga kipya kwa muda kwa boliti mbili, akakivuta na kukigeuza. Kikazunguka vizuri kwa robo tatu ya safari, kisha kikagota. Ukingo wake uligonga nguzo ya mlango.

“Nusu inchi,” Sponji alilalamika. “Nusu inchi tu, jamani!”

“Mimi nusu inchi inaniharibia gauni zima,” mshonaji alimwambia kutoka kibarazani, ambako alikuwa akipinda ukosi wa sare ya shule. “Lete hapa kivulini, utoboe upya.”

Akakileta. Alitandika gunia karibu kabisa na magurudumu ya mshonaji, akakipindua kiti miguu juu, akaanza kutafuta pa kutoboa. Mshonaji aliinua macho kutoka kwenye ukosi.

Chini ya kiti palikuwa na mabapa mawili ya chuma yaliyolehemiwa kwenye bomba, na pembeni mwake ngozi bandia ilikunjwa ikashonwa mistari miwili. Kwa juu mshono wa kiti kile ulikuwa mweusi. Kwa chini, mahali ambapo uzi wa bobini, ule wa chini ya cherehani, hujionyesha, ulikuwa wa kijani. Na kila mshono ulipoishia, sindano ilikuwa imerudi nyuma hatua tatu, ikaenda mbele, ikarudi tena hatua tatu.

Aliuweka ukosi mapajani.

Mtu hawezi kulala chini ya kitu zaidi ya saa nzima asikijue. Siku ile ya ajali basi lilipopinduka, viti vya mstari wa nyuma viling’oka vyote na boliti zake, na kimoja kilimwangukia tumboni kikamganda. Hakuweza kugeuza shingo. Uso wake ulikuwa umbali wa kiganja kutoka chini ya kiti kile, na kwa kuwa alikuwa mshonaji, na kwa kuwa aliogopa kusikiliza sauti za wenzake, alihesabu mishono. Mweusi juu, kijani chini. Tatu nyuma, mbele, tatu nyuma. Hakuna aliyewahi kumuuliza aliona nini, naye hakudhani rangi ya uzi ni jambo la kumwambia mtu.

“Fundi,” alisema. “Kwa nini chini unatumia uzi wa kijani?”

“Aa, nilipewa boksi zima na mtu aliyefunga kiwanda. Naumalizia tu.” Sponji alikuwa ameuma kalamu. “Si chini? Chini hakuna anayeona.”

“Mimi niliona.”

“Uliona wapi?”

“Nilikuwa chini yake.”

Kalamu ilimtoka Sponji mdomoni. Aliitazama ilikoangukia, hakuiokota.

“Mstari wa nyuma wa lile basi,” mshonaji alisema. “Ni wewe uliyeufunga.”

“Shemeji…”

“Ni wewe au si wewe?”

“Ni mimi.” Alikaa chini kabisa, juu ya gunia, kama aliyekatwa miguu. “Mwenye basi alitaka kuongeza mstari mmoja apate abiria watatu zaidi. Nilimwambia, tajiri, bati la huku nyuma limeoza, boliti haitashika. Akaniambia funga tu, basi lenyewe haliendi mbali.”

“Ukafunga.”

“Nikafunga.”

Sauti ya mshonaji ilitoka shwari mpaka yeye mwenyewe akashangaa. “Na dereva? Yule anayeshtakiwa kwamba alikimbiza gari? Mimi nilikuwa mle ndani. Hakukimbia. Alifunga breki kwa ajili ya mwendesha baiskeli, breki ya kawaida tu, viti vikachomoka, watu wakaangukia upande mmoja, ndipo gari likalala. Unajua hilo?”

“Najua.”

“Na umenyamaza.”

Hapo Sponji aliinua uso, na usoni mwake mlikuwa na mshangao wa kweli. “Lakini shemeji, hata wewe si ulisaini? Uliandika kwamba hukumbuki kitu, ila dereva alikuwa akikimbia mno. Mwenye basi alinionyesha nakala. Nikasema, kama aliyeumia mwenyewe amesema hivyo, mimi ni nani?”

“Nilisaini wapi?”

“Hospitali. Kaka, mumeo, ndiye aliyeipeleka.” Akasita. Alianza kuelewa kwamba amefungua mlango ambao hakuujua. “Si ndipo mkapewa hili gari? Na mimi nikaambiwa nije nikutengenezee kiti, nisiulize malipo?”

Mumewe alikuwa amemwambia kwamba gari lile wamekopeshwa na chama cha wafanyakazi.

*

Alimsubiri mpaka alipomaliza kula. Wifi alikuwa jikoni akiosha vyombo kwa kelele.

“Ulinisainia karatasi hospitali,” alisema.

Mume alikunja kitambaa cha meza mara mbili, halafu mara nne. Hakuuliza karatasi gani, na kwa kutouliza huko mshonaji alijua kila kitu kabla hajasikia neno.

“Ulikuwa hoi,” alisema hatimaye. “Madaktari walisema labda huamki. Yule bwana mwenye basi alikuja pale wodini, akaniambia kesi ya kumshtaki itakwenda miaka mitano, miaka kumi, na yeye ana mawakili. Akasema kama tukiwa waungwana, atagharamia matibabu, atatupa na gari. Ningefanya nini?”

“Ungesubiri niamke.”

“Na kama usingeamka?”

“Niliamka! Miezi minane niko macho. Miezi minane unaniosha mgongo, na hukuniambia.”

“Nilikuchagua wewe,” alisema mume, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. “Kati ya wewe na yule dereva nisiyemjua, nilikuchagua wewe. Hilo ndilo kosa langu?”

“Ulichukua jina langu ukamtupia mwenzako. Yule mtu atafungwa kwa jina langu.”

Kelele za vyombo zilikuwa zimekatika. Wifi alisimama mlangoni na mikono yenye povu. “Jamani, mambo ya familia huzungumzwa yakaisha,” alisema. “Wifi, usimpandishie mumeo sauti. Wangapi wangekuwa wameshakukimbia?”

“Sijapandisha sauti, wifi. Hukumu ya dereva ni Alhamisi. Nataka kwenda kituoni kusema ukweli.”

“Unataka kumfunga mumeo?”

Mshonaji alikuwa akimtazama mumewe, naye mume alikuwa akitazama kile kitambaa kilichokunjwa hata hakikunjiki tena. Taa ya mtaani nje ikawaka. Kisha mume akasema, kwa sauti ndogo:

“Sawa. Jumatatu nitaomba ruhusa kazini. Nitakupeleka.”

“Utanipeleka?”

“Nitasema mwenyewe kwamba nilisaini mimi. Niachie hilo nilibebe. Wewe sema ulichokiona, la kusaini niachie mimi.”

Mshonaji alilia basi, kwa mara ya kwanza siku ile. Alimshika mkono. Pamoja na hasira yote iliyomjaa alijiona kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukizika, na usiku alipogeuzwa kitandani hakuwa mzito kama siku nyingine.

Jumamosi Sponji alikuja kumalizia. Alikuwa ametoboa upya, akakifunga kiti, akakivuta, akakigeuza. Safari hii kilizunguka bila kugusa popote, kikashuka taratibu hadi usawa wa magurudumu. Mshonaji aliweka ubao, akajiteleza, akavuta mkanda, akajigeuza mwenyewe kuingia ndani. Mlango ukafungwa. Alikuwa amekaa kwenye gari kama mtu yeyote aliyekaa kwenye gari.

“Utasema jina langu?” Sponji aliuliza kwa nje ya dirisha.

“Nitasema nilichokiona.”

Fundi alitikisa kichwa kukubali. “Basi ngoja nizikaze hizi boliti vizuri,” alisema, akaingia chini na spana, akakaza mpaka mikono ikatetemeka.

*

Jumatatu mume alivaa shati lililopigwa pasi. Aliendesha polepole, akikwepa kila shimo, akimuuliza mara kwa mara kama mgongo unauma. Mshonaji alikuwa ameshusha kioo. Aliangalia maduka yaliyopakwa rangi upya, shule iliyoongezewa ghorofa, mwanamke aliyevaa gauni alilolishona yeye mwaka juzi. Aliona haya kufurahi siku kama ile, lakini alifurahi.

Kituoni alijishusha mwenyewe. Askari wa getini alikitazama kiti kikigeuka, akapiga mluzi. Mapokezi walichukua kitambulisho chake, wakamwelekeza ofisi ya ajali, chumba cha pili.

“Nikae ndani au nje?” mume aliuliza.

“Nje kwanza. Tutakuita.”

Afande aliyempokea alikuwa mwanamke mwenye miwani na mafua, aliyejipenga kamasi kati ya kila sentensi. Alisikiliza bila kumkatiza: breki, baiskeli, viti vilivyong’oka, uzi wa kijani. Mshonaji alipofika kwenye uzi wa kijani afande aliacha kujipenga. Alitoa jalada kwenye kabati, akalifungua, akamgeuzia karatasi.

“Haya ni maelezo yako ya wodini. ‘Sikumbuki chochote isipokuwa dereva alikuwa akikimbiza gari sana.’ Umesaini hapa.”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyaona. Jina lake lilikuwa limeandikwa lote, herufi kwa herufi, zikiwa zimesimama wima na kuachiana nafasi sawa, kama lebo kwenye kopo la chumvi.

“Sikusaini mimi.”

“Nani basi?”

“Mwite mume wangu. Amesema atasema mwenyewe.”

Mume aliingia akiwa na kile kimto cha kukalia ambacho mkewe alikisahau garini. Kabla ya kumsalimia afande alimwinua mkewe kidogo kwa mkono mmoja, akakisukuma kimto mahali pake kwa mkono wa pili, akahakikisha hakijakunjika. Halafu akasalimia, akaitazama karatasi, akairudisha mezani.

“Hii ni sahihi yake,” alisema.

Mshonaji alidhani hakusikia vizuri.

“Afande, samahani kwa usumbufu,” mume aliendelea, kwa upole uleule, na mkono wake ukatua begani kwa mkewe. “Mke wangu tangu ajali kumbukumbu zake haziko sawa. Anachanganya mambo. Anaona vitu. Leo nimemleta kwa sababu alikuwa hali wala halali, nikaona bora aje aseme, moyo wake utulie. Muulize dada yangu tunayekaa naye. Muulize jirani yeyote.”

Jirani yeyote. Ndipo mshonaji alipoelewa kwa nini wifi humsemesha kama kiziwi na kuificha pasi kila amalizapo kuitumia. Alielewa kwa nini wateja wake, tangu atoke hospitali, huandika vipimo kwenye karatasi na kumkabidhi wifi, wala hawamwambii yeye. Hayakuwa mambo ya jana wala juzi. Mumewe alikuwa ameyapanga miezi minane, kopo kwa kopo, kila moja na lebo yake.

Akaona macho ya afande yanamgeukia, na ndani yake tayari mlikuwa na huruma. Aliijua huruma ile. Ni ile ya vijana wa kwa kinyozi walipogeuza nyuso.

Angepiga kelele, wangesema unaona. Angelia, wangesema maskini. Aliutoa mkono wa mumewe begani, akauweka pembeni kama anavyoweka kitambaa cha mtu mwingine.

“Afande,” alisema, “mapokezi wana kitambulisho changu. Nilikipata miaka mitatu kabla ya ajali, na kina sahihi yangu. Naomba kiletwe. Na naomba kalamu.”

Alisaini jina lake kwenye karatasi tupu, mara moja, halafu mara ya pili, halafu ya tatu, bila kuinua kalamu, kama alivyosaini kila siku kwenye risiti za wateja. Ilikuwa herufi moja kubwa iliyovuta mkia mrefu hadi mwisho. Afande aliweka kitambulisho kando ya karatasi ile, na kando yake maelezo ya wodini. Akavua miwani, akaivaa tena.

“Hazifanani,” alisema.

“Mtu akiwa mgonjwa mkono hubadilika,” mume alisema haraka. “Siku ile alikuwa amelala, dawa zimemzidi, kalamu yenyewe hakuweza…”

“Alikuwa amelala?”

“Yaani… nusu amelala.”

“Alikuwa amelala, akasaini?” Afande alijipenga, akakunja leso, akaitia mfukoni. “Na akanyoosha herufi hivi? Mzee, kaa kwenye hilo benchi. Usitoke.”

Mume alikaa. Alimtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu aingie. Lile basi lilikuwa bado limelala uani nyuma ya kituo, likiota majani. Afande alichukua tochi akaenda kuinama chini ya kiti kimoja kilichong’oka, kisha akaenda kwenye gari lao. Aliporudi alikuwa na vumbi magotini.

“Nyuzi ni zilezile,” alisema. “Mama, hicho kiti chako lazima kibaki kama kielelezo. Na nikikichukua sijui kitarudi lini. Kesi hizi huchukua muda.”

“Andika.”

“Utarudije nyumbani?” alisema mume kutoka kwenye benchi. Hakuwa anamdhihaki. Aliuliza kama aliyezoea kuuliza.

“Hilo si lako tena,” mshonaji alisema. “Afande, andika.”

*

Wifi alikuja kituoni kwa gari la kukodi baada ya afande kumpigia simu, kiremba kikiwa upande. Alikuta kiti kimeegemezwa ukutani kikiwa na karatasi ya namba, na mshonaji kibarazani kwenye magurudumu yake. Ndani, kupitia mlango ulio wazi, alimwona ndugu yake kwenye benchi. Aliingia kuongea naye. Hakukaa huko muda mrefu.

“Nimezaliwa naye tumbo moja,” alimwambia mshonaji alipotoka. “Nimembeba mgongoni mimi huyo. Na wewe umemwacha pale.”

“Nimemwacha.”

“Sitakusamehe leo. Usitegemee.” Akapanga miguu, akamwingizia mikono kwapani. “Shika shingo. Kaza. Nikikuangusha watasema nimekusudia.”

Ilimchukua muda. Alipumzika mara mbili njiani, wote wawili wakihema, mwenye gari akiwa ameshika mlango bila kujua aangalie wapi. Walipokwisha kuketi, kiti cha magurudumu kikiwa kimefungwa nyuma kwa kamba, wifi alijifuta uso kwa kiremba.

“Aliniambia akili zako zimeruka,” alisema akitazama dirishani. “Akaniambia nisikuachie moto.”

“Nimewahi kusahau moto, wifi?”

Wifi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki pale alipokuwa na nafasi ya kufikiri. “Hapana,” alisema. “Hata siku moja.”

“Nyumbani?” aliuliza mwenye gari.

“Unapajua anapokaa yule dereva?” mshonaji alimuuliza wifi. “Yule wa basi, aliyeachiwa kwa dhamana?”

Wifi alikuwa anapajua, kama alivyojua kila nyumba ya mtaa. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, yenye mlango wa bati na nguo zilizoanikwa mbele. Mwanamke aliyekuwa akifua alisimama alipoona gari likiegeshwa. Alipomtambua aliyekaa ndani, uso wake ulijifunga. Hakubanduka kwenye beseni.

Mshonaji hakuweza kushuka. Alishusha kioo mpaka chini.

“Mimi ndiye niliye kwenye ile karatasi,” alisema kwa sauti, ili imfikie. “Sikuisaini. Mumeo hakukimbiza gari. Nimetoka kuwaambia hivyo sasa hivi.”

Mwanamke yule alibaki amesimama, maji ya sabuni yakimchuruzika kwenye viwiko. Alimtazama kwa muda mrefu, bila shukrani yoyote usoni, kama mtu anayekagua kitu alichowahi kuuziwa kibovu. Kisha akageukia mlango wa bati.

“Baba,” alimwita mumewe. “Njoo. Njoo usikie mwenyewe.”